Sentensi Aliyoiruka Mama Ntandu

Siku niliyofundisha Utatu Mtakatifu kwa mara ya kwanza, nilishindwa kabla chai haijachemka. Nilikuwa binti, nimetoka chuo cha Biblia na cheti changu nimekifunga kwenye nailoni kisilowe, na nilikuwa na mfano niliouona mtamu kuliko yote. Nikawaambia wanafunzi wangu wa ubatizo pale kijijini Mgori, "Tazameni jiko la nyumbani. Mafiga ni matatu, chungu ni kimoja. Ndivyo alivyo Mungu wetu." Kisha nikanyamaza ili washangae vizuri.

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango akanyoosha mkono. "Mwalimu, mimi nikiondoa figa moja, chungu kinamwagika. Mungu naye anamwagika?"

Darasa lilicheka mpaka mbuzi waliokuwa kivulini wakasimama. Nikafunga daftari. Tangu siku hiyo sikutumia mafiga tena. Nilijifunza kusema nilichokabidhiwa na kuishia hapo: kwamba Mungu ni mmoja, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu, na kwamba sisi hatukumgundua, yeye ndiye aliyejifunua. Ukifika mwisho wa maneno, wajukuu zangu, sema umefika. Watu wa huku wanalima. Wanamjua anayejua na wanamjua anayezungusha jembe hewani.

Mmeniomba niwaeleze kazi hii, ninyi mnaoanza kufundisha madarasa ya ubatizo na kipaimara. Nimeifanya tangu ujana wangu mpaka magoti yalipokataa baiskeli. Sina siri kubwa. Nina makosa mengi tu, na ushindi mmoja ambao kila nikiukumbuka natamani kupiga vigelegele nikiwa peke yangu jikoni. Nitafika huko.

Aliyenifundisha kazi ni Mwinjilisti Yakobo, mzee mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mbuga. Alikuwa akikaa nyuma ya darasa langu akimenya karanga, halafu jioni ananisahihisha.

"Usiulize watu kama wameelewa," aliniambia. "Mtu wa huku ukimuuliza hivyo anakujibu ndiyo, ili wewe upumzike na yeye aende shambani. Muulize, ukifika nyumbani mama mkwe akikuuliza umejifunza nini, utamjibu nini? Hapo utajua."

Alinifundisha pia kuwaweka mbele wasiojua kusoma, maana wanaojua kusoma hukimbilia mbele na kuwafunika wenzao. Alinifundisha nisianze darasa la watu wazima msimu wa kupanda, kwa sababu mwili utakuja lakini roho itabaki kwenye mvua. Na neema, alisema, usiifundishe kwa haraka. "Watu hawa hawajawahi kupewa kitu bure. Ukiwaambia wokovu ni zawadi, watakaa wakingoja uwatajie mchango."

Nilimsikia, lakini sikumsikiliza. Mimi nilipenda kukariri. Darasa langu lilikuwa likisimama na kuitamka Imani, lile ungamo letu la tangu mitume, kwa mpigo mmoja kama gwaride. Mgeni akija, nawasimamisha. Akisifu, nalala usingizi mzuri. Miaka ikaenda hivyo, Yakobo akastaafu akahamia Manyoni kwa binti yake, na mimi nikabaki na gwaride langu.

Ndipo akaja Mama Ntandu.

Alikuwa mjane, umri wake umepita sitini, mkulima wa uwele na vitunguu, mikono yake migumu kama mpini. Ntandu ni jina la mwanawe wa kwanza, na hakuna aliyemwita vinginevyo. Alikuja mwenyewe, hakuvutwa na mtu. Alisema mumewe alipokufa waliokuja kumzika na kumlimia shamba msimu ule walikuwa watu wa kanisa, na anataka kujua wanaamini nini. Alijifunza vizuri. Ukimuuliza lile swali la mama mkwe, anaeleza mpaka na wewe unajifunza.

Mtaani kwetu kulikuwa na desturi kwamba mtu mzima habatizwi mpaka aitamke Imani yote mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa. Haikuandikwa popote. Tuliikuta, tukaifuata. Siku ya mtihani Mama Ntandu akasimama, akaanza kwa Baba, Mwenyezi, muumba. Akaenda kwa Mwana, aliyezaliwa, aliyeteswa, aliyefufuka. Akafika kwa Roho Mtakatifu, akataja kanisa, akataja ushirika wa watakatifu, kisha akanyamaza. Alisimama hivyo akitazama sakafu. Halafu akakaa.

"Amesahau," wakasema wazee. "Arudie mwakani."

Mwaka uliofuata alinyamaza palepale. Sentensi inayofuata, ninyi mnaijua, ni ya ondoleo la dhambi. Wa tatu, palepale.

Nilijaribu kila ufundi. Nilimpangia karanga mezani, moja kwa kila sentensi, azisogeze akitamka. Alipofika kwenye ile karanga, akaitia mdomoni akaitafuna. Nilimtafutia wimbo, nikaitia Imani kwenye tuni ya kwaya yetu. Aliimba kwa sauti nzuri hadi pale, akaanza kukohoa. Nikaandika kwenye daftari langu, na bado ninalo: "Mama Ntandu, kumbukumbu dhaifu." Nimewahi kuandika mambo ya kipuuzi, lakini hilo ndilo la kwanza kwa upuuzi.

Wakati wa kupura uwele nilikwenda kwake kusaidia. Nilifika mapema. Alikuwa nyuma ya nyumba akipepeta, mgongo kaupa upepo, na huku akipepeta anaitamka Imani. Nilisimama pembeni ya zizi nisimkatishe. Alitoka mwanzo, akaenda bila kukwama, akafika kwenye ushirika wa watakatifu, akatikisa ungo mara mbili kimya, kisha akaendelea na ufufuo wa mwili na uzima wa milele, amina, bila kumeza mate.

"Shikamoo mama," nikasema.

Alishtuka. "Marahaba mwanangu. Umefika saa ngapi?"

"Nimefika tangu mwanzo. Mama, kumbe unaijua yote!"

"Naijua."

"Sasa mbona ile moja unaisahau?"

Akaweka ungo chini. "Siisahau, mwalimu. Nairuka."

Akanishika mkono, akanipeleka hadi ukingo wa shamba lake, upande unaopakana na Mzee Hango. Huku kwetu mpaka wa shamba ni minyaa, mnaijua, ile miti ya vijiti vya kijani isiyo na majani. Mwaka baada ya mumewe kuzikwa, alisema, alikwenda kumuuguza dada yake huko Ikungi. Aliporudi alikuta minyaa imehama. Imeng'olewa na kupandwa upya ndani ya shamba lake. Alimfuata Hango, akajibiwa kwamba mjane huyu amechanganyikiwa na msiba.

Mzee Hango alikuwa kiongozi wa wazee wetu wa kanisa. Anakaa benchi la mbele. Ndiye aliyekuwa akisema, kila mwaka, "Amesahau, arudie."

"Nikisema naamini ondoleo la dhambi," Mama Ntandu akaniambia, "Mungu ataniuliza, na za Hango? Mimi za Hango bado ninazo zote hapa." Akagonga kifua. "Siwezi kusema uongo nikiwa nakaribia maji ya ubatizo."

Na mimi, mwalimu wake, mwenye cheti, nikamjibu, "Mama, wewe sema tu. Mungu anaelewa."

Akauachia mkono wangu. "Mwalimu, unanifundisha uongo ili nibatizwe?"

Sijui niliupura ule uwele namna gani siku ile. Najua tu kwamba wiki ile ile nilipanda basi kwenda Manyoni.

Yakobo nilimkuta nyumbani kwa binti yake, si mbali na stesheni ya reli, ameketi barazani na redio sikioni. Masikio yalikuwa yamekwisha kabisa. Nilitaka kumweleza jambo la siri kwa sauti ya siri.

"Baba, kuna mzee wa kanisa amehamisha minyaa."

"Amehamisha nyaya? Za umeme?"

"Minyaa, baba!"

"Eh?"

"MINYAA! YA MJANE!"

Mama muuza nyanya upande wa pili wa barabara akageuka. Mpaka namaliza kueleza, siri ilikuwa imeenea hadi kwa waliokuwa wakingoja treni, na mimi jasho linanitoka. Lakini Yakobo sasa alikuwa ameelewa, na alikuwa amezima redio.

"Yule mama anadhani kusamehe ni kusema hakuna kosa," akasema. "Ulimfundisha hivyo?"

"Sikumfundisha hivyo."

"Hukumfundisha chochote. Ulimkaririsha. Msamaha unalitaja kosa kwa jina lake, mwanangu. Bwana wetu hakufa msalabani kwa sababu dhambi ni kitu kidogo. Mwambie anaweza kusamehe na bado akasema minyaa ilihamishwa." Kisha akaniinamia. "Na wewe? Minyaa ile ulikuwa hujui?"

Nilikiri. Ukweli ni kwamba nilijua. Mgori nzima ilijua. Nilikuwa napita na baiskeli pale kila wiki, naiona minyaa michanga ilipo na mashimo ya ile ya zamani, na nageuza uso. Hango ndiye aliyetupigania kanisa likapata bati. Ndiye aliyekuwa akipiga magoti kuniombea nilipougua. Niliona ni heri amani.

"Basi na wewe umo ndani ya sentensi ile," Yakobo akasema. "Anza na wewe."

Nimefundisha Imani miaka mingi. Nadhani nilianza kuiamini kwenye baraza lile la Manyoni, huku muuza nyanya akitusikiliza bila aibu.

Nikarudi Mgori, nikaenda moja kwa moja kwa Mama Ntandu. Alikuwa anafunga vitunguu mafungu. Nilipiga magoti kwenye mavumbi, jambo ambalo lilimuudhi, kwa sababu niliyapiga juu ya vitunguu vyake.

"Mama, niliiona minyaa siku zote nikanyamaza. Niliandika kwamba kumbukumbu yako ni dhaifu, kumbe dhaifu ni mimi. Naomba unisamehe."

Alifunga fungu lake hadi mwisho. Nilisikia kamba ikikazwa.

"Katika watu wote wanaopita njia hii," akasema, "wewe ni wa kwanza kuniomba." Akafuta macho kwa kiganja chenye harufu ya kitunguu, akazidi kulia, akaanza kucheka. "Nimekusamehe. Inuka, unaniharibia mali."

Ndipo nikamweleza alilosema Yakobo. Kwamba kusamehe si kufuta minyaa machoni. Kwamba Mungu anapotusamehe anajua hesabu yote ya makosa yetu, na anatusamehe akiwa anaijua, bure, kwa ajili ya Kristo. Nilipomaliza akaniuliza swali moja tu.

"Kwa hiyo naweza kulitaja?"

"Unaweza."

"Basi nitaisema ile sentensi. Lakini nitaisema yote."

Sikuelewa alimaanisha nini. Nilielewa siku ya mtihani.

Kanisa lilijaa, kwa sababu wakati huo Mama Ntandu alikuwa maarufu kwa kushindwa. Mchungaji alikaa katikati, wazee kushoto na kulia, Mzee Hango karibu naye na miwani yake. Mama Ntandu akasimama, kitenge kipya, kichwa juu. Akatamka. Akafika palepale, akanyamaza.

Nikafumba macho. Mtu mmoja mwema kwenye kwaya akamnong'oneza ile sentensi.

"Sijasahau!" Mama Ntandu akasema, na watu wakaruka kwenye mabenchi. "Naamini ondoleo la dhambi." Akamgeukia Hango. "Mzee Hango, ulihamisha minyaa yangu hatua kumi na nne. Nimezipima kwa miguu yangu hii. Ulisema nimechanganyikiwa. Nilikuchukia miaka sita, na Mungu ameniona nikikuchukia, naomba anisamehe hilo. Leo nimekusamehe mbele ya watu hawa wote. Minyaa iko palepale, nenda kaitazame." Kisha akarudi kwa mchungaji kana kwamba amepiga chafya tu, akamalizia, "Ufufuo wa mwili, na uzima wa milele. Amina."

Upepo wa Singida mnaujua ulivyo na kelele kwenye bati, na siku ile ulisikika peke yake. Mzee Hango akavua miwani. Akasimama. Akachukua kofia yake, akapita katikati ya mabenchi, akatoka nje.

Wengine walisema nimeleta vurugu kanisani. Mzee mmoja akadai mtihani ufutwe. Mchungaji, ambaye alikuwa mtu wa maneno machache, akasema, "Nimesikiliza Imani tangu nikiwa mtoto. Leo nimeisikia. Mama huyu atabatizwa Jumapili ijayo." Akafunga kitabu. Lakini mimi nilikwenda nyumbani na wasiwasi. Nilijua hasira ya Hango. Nilijua anaweza kuondoka na nusu ya ukoo wake, na kanisa letu lilikuwa dogo.

Jumatatu hakuonekana. Jumanne hakuonekana. Jumatano asubuhi Mama Ntandu alinitumia ujumbe kwa jirani: "Njoo na maji."

Nilikimbia. Baiskeli niliisahau. Nilipofika ukingoni mwa shamba nilimkuta Mzee Hango na wanawe wawili, majembe mkononi, wanang'oa minyaa. Walikuwa wameshafika nusu. Nyuma yao ilikuwa imesimikwa upya kwenye mstari wa zamani, imekaa upande upande lakini imesimama. Hango mwenyewe alikuwa ameketi chini, ameziba jicho, anaugulia maumivu. Utomvu wa minyaa mnaujua, mweupe kama maziwa, ukiingia jichoni unatamani ung'oe jicho. Mama Ntandu alikuwa amemshika kichwa kama mtoto, akimmiminia maji aliyokuwa nayo, na aliponiona akanyakua ndoo yangu bila salamu.

"Fumbua! Fumbua jicho, mzee! Ulipokuwa unaipanda mara ya kwanza hukuumia?"

"Mara ya kwanza nilipanda usiku wa… hapana, mapema sana," Hango akasema kwa aibu. "Sikuona kitu."

Mama Ntandu akacheka. Mwanawe Hango akacheka, akajizuia, akashindwa. Mwisho Hango mwenyewe akacheka na jicho lake jekundu likitiririka, na sikuweza kujua maji ni yapi na machozi ni yapi.

Alipopata nafuu alituambia, mimi na Mama Ntandu, "Nilipata kipaimara nikiwa kijana mdogo. Nimeitamka Imani kila Jumapili. Sentensi ile nilikuwa naipita kama mtu anayepita nyumba ya mdai wake." Akamtazama Mama Ntandu. "Nilipotoka kanisani nilikuwa na hasira. Nilikuja hapa nikaipima. Si hatua kumi na nne."

Nikadhani anaanza ugomvi upya.

"Ni kumi na saba," akasema. "Miguu yako ni mirefu, mama."

Vijana, mtanisamehe hapa nikatishe kidogo. Leo mna simu. Mna vikundi vya kipaimara kwenye WhatsApp, mnatuma sauti, mnatuma picha za Biblia zenye rangi, na mimi sipingi. Ningekuwa nayo ningemtumia Yakobo maandishi nisipige kelele Manyoni nzima. Lakini kuna kitu simu haitawaonyesha. Mwanafunzi akinyamaza mahali pamoja mara tatu, msiandike kwamba hana akili. Nendeni kwake. Nendeni wakati wa kupura, mkono wenu uwe na kazi, mtu huongea vizuri mikono ikiwa na kazi. Na mkigundua kwamba kinachomzuia mnakijua siku zote, ombeni msamaha kabla hamjafundisha. Imani yetu si ndefu. Mtu anaweza kuikariri wiki moja. Kuifikia ndiko kunakochukua miaka, na mwalimu anatembea njia ileile na mwanafunzi, mara nyingine nyuma yake.

Jumapili ile ya ubatizo watu walitoka hata vijiji vya mbali. Wengine walikuja kwa ajili ya Mungu na wengine kwa ajili ya kumwona Hango. Majirani zetu Waislamu nao walikuja, wakakaa nje kwenye kivuli, kwa sababu habari ya minyaa ni ya kila mwenye shamba. Mchungaji akauliza nani atasimama na mama huyu awe msimamizi wake wa ubatizo. Nilikuwa nimeshajiandaa, nimevaa gauni langu la bluu.

Mzee Hango akasimama kabla yangu. Jicho lilikuwa bado limevimba. "Kama mama ananikubali," akasema.

Mama Ntandu akamwacha asimame kidogo, kwa raha zake. "Njoo," akasema. "Lakini ushike mshumaa vizuri, usiniunguze."

Akainama, akapokea maji mara tatu, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Jina alilochagua ni Rehema. Vigelegele vilianzia benchi la akina mama, vikatoka dirishani, wakavipokea walioko nje, na ngoma za kwaya zikaanza bila kuamriwa. Mchungaji alijaribu kutuliza watu mara mbili akaacha. Mimi nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakatika.

Tulipotulia, mchungaji akasema sasa kanisa liungame Imani pamoja na mbatizwa. Rehema akageuka, maji yakimtiririka shingoni, akatutazama benchi baada ya benchi kama mwenye shamba anayetazama vibarua wake.

"Tuseme wote," akasema. "Na mtu asiruke."

Tukaanza. Si gwaride, wengine walitangulia, wengine walichelewa, vikongwe wakisema kwa Kinyaturu. Tulipofika kwenye ile sentensi, sauti haikupungua. Ilipanda. Nilimsikia Mzee Hango akiitamka kwa sauti iliyopasuka, nikamsikia Rehema kando yake, nikajisikia mimi mwenyewe, na mabati ya kanisa yakaitikia juu yetu.